Mwili hausikii spidi, unasikia kiti

Watu wakishuka kwenye rola kosta, lile treni la michezo linalopanda na kushuka kwenye reli, wanaongelea spidi, yani tumekimbia balaa, tumefika mia mbili na kitu, na nawaelewa kabisa kwa sababu spidi ndo imeandikwa kwenye tangazo na ndo namba rahisi kumsimulia mtu wa nyumbani. Lakini mwili wako spidi hauijui. Ungekuwa unaijua, kwenye ndege inayoenda kilomita 900 kwa saa usingeweza kukaa umetulia unakunywa juisi huku unaangalia mawingu dirishani. Kitu ambacho mwili unakijua, na unakijua vizuri mno, ni jinsi kiti kinavyokusukuma. Leo nataka niliongelee hili kwa urefu maana ukishalishika hilo moja, mambo karibu yote ya rola kosta yanafunguka yenyewe, kwanini tumbo linapanda, kwanini siti ya nyuma ina makali yake, kwanini ile lupu ya kichwa chini miguu juu mainjinia waliacha kuichora duara, na kwanini shingo inauma na sio magoti.

Naishi Abu Dhabi kikazi, na kila ndugu anayekuja kutembea lazima apelekwe kisiwa cha Yas, kwenye bustani ya michezo ya Ferrari World, kupanda rola kosta yao inayoitwa Formula Rossa. Mara ya mwisho alikuja mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, wao wanaishi Muscat, na tulivyoshuka alikuwa na maswali mengi kuliko majibu niliyoweza kumpa pale pale kwenye foleni ya maji ya kunywa. Fizikia niliisoma mpaka kidato cha sita na naipenda mpaka leo, kwahiyo nilimwahidi nitayaandika yote vizuri. Ndo haya.

Tuanze na ulivyokaa hapo sasa hivi. Dunia inakuvuta chini, hilo tulifundishwa wote, lakini huo mvuto wenyewe huusikii, na hapa ndo watu huwa wananibishia. Unachosikia ni kiti kinavyokusukuma kwenda juu, kwenye makalio na mapaja, na sakafu inavyosukuma nyayo. Mvuto wa dunia unashika kila chembe ya mwili kwa wakati mmoja, nywele, damu, mifupa, maini, kila kitu kinavutwa kulingana na masi yake, kwahiyo peke yake haufanyi sehemu moja iibane nyingine. Kiti hakifanyi hivyo. Kiti kinakugusa sehemu moja tu, alafu hiyo sehemu inabeba iliyo juu yake, na hiyo nayo inabeba iliyo juu yake, hivyo hivyo mpaka kichwani, na huko kubebana ndo uzito unaousikia siku zote.

Kama unabisha chukua simu yako. Ndani yake kuna akselerometa, yani kifaa kidogo cha kupima msukumo, ndo inayofanya skrini igeuke ukiilaza simu, na kuna programu ya bure inaitwa phyphox, imetengenezwa chuo kikuu cha RWTH Aachen kule Ujerumani, inakuonyesha vipimo vyake hapo hapo. Weka simu mezani itulie kabisa, utaona inasoma karibu 9.8, kipimo cha mita kwa sekunde kwa sekunde, ingawa simu haiendi popote. Hiyo 9.8 ni meza inavyoisukuma simu. Sasa irushe juu kidogo idondokee kwenye godoro, usifanye juu ya sakafu tafadhali, alafu angalia grafu: muda wote ikiwa hewani inasoma sifuri au karibu sana na sifuri, ikipanda ni sifuri, ikishuka ni sifuri. Dunia haijaacha kuivuta hata kidogo, ila hakuna kinachoisukuma. Na sikio lako la ndani limejengwa kwa kanuni hiyo hiyo, kuna vijiwe vidogo sana vya kalsiamu kaboneti vimelala juu ya utando wa ute, chini ya utando kuna vinywele vya neva, mwili ukisukumwa vijiwe vinabaki nyuma kidogo na vinywele vinapinda, na ubongo unapata taarifa. Spidi ikiwa ile ile kwenye njia iliyonyooka vinywele havipindi zaidi ya kawaida yake, kwahiyo ubongo hauna habari.

Basi msukumo wa kiti ukiwa umetulia tuuite G 1. Ukisikia G 3 maana yake kiti kinakusukuma kwa nguvu mara tatu ya hiyo. G sifuri maana yake kiti hakikusukumi. Na kuna G hasi, ambapo kiti kimekuacha na ile baa ya mapajani ndo inakusukuma kwenda chini ili usibaki hewani. Ukielewa hizo tatu twende kwenye reli.

Formula Rossa ilifunguliwa Novemba 2010, imejengwa na kampuni ya Intamin, na wakati inafunguliwa hakukuwa na rola kosta nyingine duniani yenye kasi kuliko hiyo. Inatoka sifuri mpaka kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde 4.9. Haivutwi na cheni kupandishwa mlimani kwanza, kuna mfumo wa haidroliki, gesi ya naitrojeni iliyobanwa inasukuma mafuta, mafuta yanazungusha mota, mota zinazungusha winchi, winchi inavuta kebo na kebo inalivuta treni. Unavalishwa miwani maalumu kabla ya kuondoka, kwa sababu kwa kasi ile mdudu mmoja au punje ya mchanga kwenye jicho ni hatari kweli.

Sasa tufanye hesabu, ni fupi. Kilomita 240 kwa saa ni mita 66.7 kwa sekunde. Gawanya kwa 4.9 unapata 13.6, hiyo ndo kasi inavyoongezeka kila sekunde, na ukilinganisha na 9.8 ya dunia inakuja G 1.4 kwa wastani. Maana yake egemeo la kiti linakusukuma mgongoni kwa nguvu ya uzito wako mzima na nusu kasoro kidogo, kama una kilo 70 basi ni nguvu ya kubeba kilo 97 au 98, na hapo hapo sehemu ya kukalia bado inakusukuma kwenda juu kwa G 1 yake ya kila siku. Hizo mbili zinaungana kwa Pythagoras, moja inaenda mbele nyingine juu, jumla ni kama G 1.7, na mwelekeo wake umeinama nyuzi 54 kutoka wima. Hapo ndo pana jambo tamu sana. Ubongo umezoea kwamba kule msukumo unakotoka ndo chini, kwahiyo kwa zile sekunde chache chini yako inahamia nyuma ya mgongo, na unasikia kama treni limeinuliwa pua na linapanda mlima mkali. Mdogo wangu alibisha kabisa, "Dada, pale mwanzo reli inapanda, niliisikia mwenyewe." Haipandi, pale imelala. Alichosikia ni kweli kwa mwili wake, ni kiti kilichomdanganya.

Alafu angalia kinachotokea winchi ikishaachia. Treni lina spidi ya juu kabisa kuliko sehemu nyingine yoyote ya safari nzima, na hapo hapo ndo mgongo unapumzika. Unabaki na upepo usoni na kelele, ila ule mkandamizo umekatika ghafla. Kama mwili ungekuwa unasikia spidi, hapo ndo pangekuwa mahali pakali kuliko pote. Mtu akipanda tena baada ya kuambiwa hivi anaisikia tofauti, mimi mwenyewe napasubiria pale kuliko mahali pengine.

Nishati nayo tuiguse kidogo. Kitu kikiwa na mita 66.7 kwa sekunde, kama hakuna upepo wala msuguano, kinaweza kupanda mpaka mita 227 kabla hakijasimama, na kilima kirefu cha Formula Rossa ni mita 52 tu. Kwahiyo nishati ipo ya kumwaga, na shida ya injinia inakuwa ni kuitumia nishati yote hiyo bila kuwaumiza watu, sio kufika juu. Kingda Ka ya New Jersey, Marekani, ilikuwa kinyume chake. Ile ilifunguliwa 2005, mita 139 kwenda juu, na treni lilirushwa kwa kilomita 206 kwa saa ndani ya sekunde 3.5. Fanya hesabu ile ile unapata mita 167 kwenye karatasi, yani akiba ya mita 28 tu, na kwenye hiyo akiba toa upepo, toa msuguano wa magurudumu na beringi, alafu bado treni linatakiwa lifike kileleni likiwa na mwendo kidogo wa kuvukia. Ndo maana kuna siku treni lilikuwa linapanda, linapunguza, linapunguza, linasimama karibu na kilele mbele ya macho ya watu, na linarudi kinyumenyume lilikotoka. Hiyo walishaijua tangu wanachora, breki za sumaku zilikuwa zinainuka kwenye reli ya kurushia mara treni likishapita, ili likirudi zilidake. Kingda Ka ilifungwa 2024 na mnara wake ukaangushwa kwa baruti Februari 2025.

Na kuna watu wanauliza, treni lililojaa watu wazito si linaenda taratibu zaidi? Kwenye hesabu safi masi haina mchango, inajifuta yenyewe, kizito na chepesi vinashuka sawa. Kwenye reli ya kweli lililojaa ndo linakimbia zaidi, kwa sababu upepo unalizuia kwa nguvu ile ile karibu sawa na lililo tupu huku lenyewe lina nishati nyingi zaidi ya kupoteza. Ndo maana kabla ya kufungua wanalijaribu likiwa na midoli iliyojazwa maji yenye uzito wa watu, na asubuhi ya baridi wakati grisi bado nzito rola kosta ile ile inatembea kivivu kuliko mchana.

Haya, tumbo. Swali la kwanza la mdogo wangu lilikuwa ni hilo, kwanini tumbo linapanda kifuani. Ukiwa umekaa kawaida, matumbo, ini, vyote vinaning'inia na kulaliana kidogo kwa sababu ya ule mnyororo wa kubebana niliousema juu. Treni likivuka kilima na reli ikaanza kuinama mbele yako, kiti kinashuka. Kama kinashuka kwa kiwango kile kile ambacho wewe ungeshuka ukiachiwa hewani, hakikusukumi tena, G ni sifuri, na vitu vya ndani ambavyo vilikuwa vimejivuta kwenda chini vinajiachia kurudi juu kidogo. Hakuna kinachovipandisha. Vimeacha kubebwa tu, na mwili haujazoea.

Umbo la kilima cha namna hiyo sio la kubahatisha. Jiwe ukilirusha mbele linachora njia yake hewani, parabola, na injinia anachukua spidi ya treni pale kileleni anakokotoa jiwe lenye spidi hiyo lingepita wapi, alafu anaweka reli hapo hapo kwenye njia ya jiwe. Treni linafuata njia ambayo lingeifuata hata kama reli isingekuwepo! Reli ipo, magurudumu yanaigusa, lakini kwa sekunde mbili tatu hakuna anayemsukuma mwenzake. Treni likija na spidi kubwa kuliko ile ya mchoro, lingetaka kuruka juu zaidi ya reli, na hapo ndo unaona umuhimu wa kitu alichosajili John Miller wa Marekani mwaka 1919, magurudumu ya chini ya reli. Ukiangalia behewa la rola kosta kwa karibu, pale linapoingia stesheni na ukapata nafasi ya kuinama kidogo, utaona kila fungu lina magurudumu ya aina tatu, ya juu ya reli yanabeba uzito, ya pembeni yanalizuia lisiyumbe, na ya chini yameikumbatia reli kutokea upande wa chini. Haya ya chini muda mwingi hayana kazi, ila kwenye kilima cha G hasi ndo yanayolishika treni lisiondoke. Kabla ya hapo vilima vilitakiwa viwe vya upole, baada ya hapo ndo rola kosta za miaka ya 1920 zikawa na mishuko ya kutisha.

Sasa siti ya nyuma na siti ya mbele. Aliyewahi kupanda basi la mkoani akakaa siti za mwisho kabisa, dereva akalikuta tuta hajaliona, anajua nini maana ya kuachwa na kiti. Kwenye rola kosta yanayotokana na urefu wa treni ni haya: mabehewa yote yamefungwa pamoja kwahiyo yote yana spidi moja kwa wakati mmoja, na spidi hiyo inategemea katikati ya treni iko juu kiasi gani. Chukua kilima cha kwanza cha rola kosta inayopandishwa kwa cheni. Behewa la kwanza linafika kileleni wakati sehemu kubwa ya treni bado inapanda ikivutwa na cheni polepole, kwahiyo la mbele linavuka taratibu, linaning'inia pale linasubiri wenzake, unaangalia chini unaona kila kitu. Behewa la mwisho linafika kileleni wakati wengi wameshamwagika upande wa pili na wanavuta, kwahiyo linavukishwa kilele kile kile kwa spidi kubwa zaidi. Kilele kimoja, mpindo mmoja, spidi tofauti, na kwa sababu nguvu ya kupinda inategemea spidi mara spidi yenyewe, tofauti ndogo ya spidi inakuwa tofauti kubwa kwenye kiti. Wa nyuma wanainuliwa kutoka kwenye siti, wa mbele wanapata kuona. Katikati kumetulia zaidi. Chini ya kilima mambo yanageuka, lakini mtu mwenye woga nitamwambia katikati kila siku.

Lupu ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye habari hii, na imeanza vibaya. Mwaka 1895 pale Coney Island, New York, kwenye bustani iliyoitwa Sea Lion Park, waliweka kitu kinaitwa Flip Flap Railway, lupu ya duara kamili yenye kipenyo cha kama mita 7.6 hivi. Inakadiriwa abiria walikuwa wanapigwa na kitu cha G 12. Walikuwa wanashuka na shingo na migongo inauma, na mwaka 1902 ikafungwa. Mtu anaweza kusema basi wangepunguza spidi. Haisaidii, na sababu yake naomba uivumilie maana ni nzuri.

Chukua duara lolote, kubwa au dogo. Chini ya duara kiti kina kazi mbili, kukubeba G 1 na kukupindisha kwenda juu. Juu kabisa ukiwa kichwa chini, dunia inasaidia kukupindisha kwa G 1, kwahiyo kiti kinamalizia kilichobaki. Alafu kati ya chini na juu umepanda kipenyo kizima na umepoteza spidi. Ukiandika hesabu na kuzitoa, chini toa juu, unapata jibu moja tu siku zote, G 6. Rediasi inajifuta, spidi inajifuta, inabaki sita. Kwahiyo hata ukiweka spidi ndogo kabisa inayowezekana, kiasi kwamba juu kabisa kiti hakikusukumi hata kidogo, chini umeshapigwa G 6. Ukitaka juu kuwe na usalama wa G 1 basi chini ni 7. Hakuna duara litakalokusamehe, hata liwe kubwa kama uwanja wa mpira.

Na ubaya wa pili, treni linatoka kwenye reli iliyonyooka linaingia kwenye duara papo hapo, yani nukta hii G 1, nukta inayofuata 6 au zaidi. Misuli ya shingo haipati hata muda wa kukaza.

Edwin Prescott alishalishtukia hilo, mwaka 1901 akaleta pale pale Coney Island lupu yenye umbo la yai, ikawa nafuu sana. Ila jibu lenyewe hasa lilikuja 1976 kwa Wajerumani wawili, Anton Schwarzkopf aliyekuwa anajenga na injinia Werner Stengel aliyekuwa anapiga hesabu, kwenye rola kosta ya Revolution kule Magic Mountain, California. Walitumia mpindo unaoitwa klotoidi, mainjinia wa reli na barabara walikuwa nao siku nyingi, ni njia inayoanza kunyooka alafu inaongeza kupinda kidogo kidogo kadri unavyoendelea, ndo inayofanya kona nzuri ya barabara kuu isikuvute usukani kwa ghafla. Ukiunganisha vipande viwili vya mpindo huo unapata lupu yenye umbo la tone, nyembamba juu, pana chini.

Weka namba uone uzuri wake. Treni linaingia chini na mita 25 kwa sekunde, hiyo ni kilomita 90 kwa saa, lupu ina urefu wa mita 20. Likiwa duara, rediasi ni 10 kote. Chini: 25 mara 25 ni 625, gawanya kwa 98 (yani 9.8 mara rediasi 10), jumlisha 1, unapata G 7.4. Juu kabisa spidi imeshuka mpaka mita 15 kwa sekunde na kidogo, inakuja G 1.4. Toa, unaona ile 6 imejitokeza. Sasa fanya tone, chini rediasi iwe 25, juu iwe 7, urefu ule ule mita 20, spidi ile ile. Chini unapata G 3.6. Juu unapata G 2.4. Yani kule chini umepunguza zaidi ya nusu, na kule juu, ambako ndo watu wanaogopa kudondoka, kiti kinakukandamiza kwa nguvu kuliko mwanzo. Umekaa kichwa chini, uzito wako unausikia mara mbili na zaidi, kuelekea angani. Kofia isiyofungwa pale juu isingeanguka kwenye sakafu ya bustani, ingebaki imebanwa kichwani. Hakuna chuma kilichoongezwa wala teknolojia ya ajabu, ni umbo tu limebadilishwa! Kwangu hii ni moja ya kazi safi kabisa za uinjinia, na inaniuma kwamba tulifundishwa hesabu za mwendo wa duara kwa kuzungusha jiwe kwenye kamba na hakuna aliyetutajia hili.

Stengel ndo aliyekuja pia na wazo la kuzungusha treni kuuzunguka moyo wa abiria badala ya reli. Ukiizungusha reli kwenye mhimili wake, kichwa kiko mbali na reli kwahiyo kinapigwa kwa pembeni, kulia kushoto, kinagonga mito ya kiti. Ukifanya mhimili upite kifuani kwa abiria, reli ndo inayozunguka pembeni na kichwa kinabaki karibu pale pale. Rola kosta za zamani zinazoacha masikio yanauma, tatizo lake mara nyingi ni hili.

Maana G sio namba peke yake, kuna imekuja kutoka wapi na imekaa muda gani. Daktari wa jeshi la anga la Marekani, John Stapp, mwaka 1954 alikaa kwenye kigari cha roketi kikafunga breki na akapata G 46.2, akaishi miaka mingi tu baada ya hapo. Ilikuwa ni ya mbele na nyuma na fupi sana. Ile ya kutoka kichwani kwenda miguuni ni habari nyingine, damu inabaki miguuni, moyo unashindwa kuipandisha mpaka kwenye macho na ubongo, kwanza rangi zinafifia, alafu unaona kijivu, ikiendelea unazimia. Marubani wa ndege za kivita wanafika G 9 wakiwa na suti za kubana miguu na mazoezi ya kupumua, abiria wa bustani hana hivyo, kwahiyo wanampa 4 au 5 kwa sekunde chache sana tu. Formula Rossa inatajwa kufika 4.8. Tower of Terror ya Gold Reef City, Johannesburg, ile inayodondokea ndani ya shimo la mgodi wa dhahabu, inatajwa kufika 6.3, ila ni kufumba na kufumbua pale chini inapogeuka. G hasi ndo wanaibana zaidi kwenye michoro, kwa sababu damu kwenda kichwani mwili unaivumilia vibaya mno.

Shingo sasa. Kichwa cha mtu mzima ni kama kilo 5. Kwa G 4.8 shingo inabeba kilo 24. Ukiwa umeinamisha kichwa unaangalia baa ya mapajani, au umegeuka kucheka na aliye pembeni yako, hizo kilo 24 zinaning'inia nje ya mstari wa uti wa mgongo na misuli inazivuta peke yake. Ukiwa umenyoosha mgongo na kichwa umekibandika kwenye egemeo kabla treni halijafika chini ya mteremko, mifupa ndo inabeba. Mdogo wangu alikuwa ananigeukia kila saa kuniangalia kama naogopa, na jioni alilala na taulo la moto shingoni.

Imebaki kusimama. Wengi wanadhani kuna breki za kubana kama za gari, na zipo, lakini kazi kubwa kwenye rola kosta nyingi za kisasa inafanywa na sumaku. Chini ya treni kuna mapezi ya metali isiyovutwa na sumaku, shaba au alumini, yanapita katikati ya safu mbili za sumaku za kudumu bila kuzigusa. Metali ikikatiza kwenye uga wa sumaku inazalisha umeme ndani yake, na huo umeme unatengeneza usumaku wake unaopinga mwendo ule ule uliouzaa. Haihitaji umeme wa ukutani, haihitaji kompyuta, umeme ukikatika mji mzima breki inafanya kazi vile vile. Na kadri unavyokuja kwa kasi ndo zinavyokamata kwa nguvu, mpaka kwenye kasi kubwa sana ambako zinabadilika tabia kidogo, alafu treni likipungua nazo zinapungua, kwahiyo unasikia mkandamizo wa baa unaanza kwa nguvu na kuisha kwa upole. Ila zina kasoro moja, mwendo ukiwa sifuri na umeme ni sifuri, haziwezi kulishika treni lisimame kabisa, kwahiyo pale mwisho kabisa ndo breki za kubana au magurudumu ya stesheni yanamalizia. Ukisikia ule mtikisiko mdogo wa mwisho kabla baa hazijafunguliwa, ndo hizo.

Kwa wanaokuja huku likizo na watoto: angalieni urefu unaoruhusiwa pale mlangoni, upo kwa ajili ya baa kukamata mapaja ya mtu wa umbo fulani, msiwavalishe viatu virefu. Mwenye shida ya moyo, shingo au mgongo, na mama mjamzito, asipande hata kama anajisikia vizuri siku hiyo. Anayetaka kuelea aombe siti ya mwisho kabisa, anayetaka kuona aombe ya kwanza na avumilie foleni yake ndefu, na wote wawili wakae kitako mpaka nyuma ya kiti kabla baa haijashushwa, maana ukiacha nafasi mgongoni, pale winchi inapovuta kiti kinakufuata na kukupiga.